Wakili akidai haki, aitwa mkorofi

Hili linanikera kweli. Hapa Mombasa wakili wa utetezi akisimama kuomba nakala za taarifa za mashahidi kabla kesi haijaanza kusikizwa, mawakili wenzake wanaguna na kutazama saa. "Huyu naye, atuchelewesha!" Jamani, Ibara ya 50 ya Katiba ya 2010 inampa mshtakiwa haki ya kuujua ushahidi mapema. Si hisani ya mtu. Kijana wa Kisauni yuko rumande Shimo la Tewa, mamake amekaa benchi la nyuma akifinyangafinyanga ncha ya leso, halafu wakili avutwe kando koridoni aambiwe amshawishi mteja akiri, yaishe. Akikataa ananuniwa, hata salamu haitikiwi. Kwani ameajiriwa awafurahishe wao? Mwacheni amtetee mtu wake!