Huku wanauliza nani alimlea, kwetu twaitisha tairi

Asalaam aleikum jamani. Huu mwaka wa sita niko London, nafanya kazi kwa nyumba ya vijana waliotoka jela. Mimi si wa kuwatibu, nawapikia tu na kuwapeleka miadi zao, lakini kila wiki tunakaa chini kumjadili kijana mmoja mmoja na mimi huwa hapo nasikiza. Kijana amemdunga mwenzake kisu, na swali la kwanza mezani ni alipokuwa na miaka 2 au 3 nani alikuwa akimbeba.

Mwanzo nilikasirika walahi. Nimekulia Kisauni, Mombasa, najua kuamka usikie jirani amekatwa mapanga na watoto wa miaka 15, 16 kisa simu. Kwetu mtu kama huyo ashahukumiwa, ama hana radhi ya wazazi ama ni bangi ama ni unga ama ukoo wao wote ndio walivyo, akishikwa ni mwizi mwizi na tairi laja achomwe. Nimeshuhudia moja kwa macho yangu nikanyamaza, na mpaka leo laniuma.

Hizi fikra za huku zatoka kwa akina Freud, yule daktari wa Vienna aliyeanzisha kutibu akili kwa mazungumzo. Mwaka 1916 aliandika kuna watu ambao hatia hutangulia na kosa likafuata, yaani mtu amebeba hatia asiyojua yatoka wapi, anavunja sheria ndio aadhibiwe moyo utulie. Hiyo kwa vijana wetu sijaiona, na vile alivyoirudisha hatia yote kwa mtoto kumtaka mamake na kumchukia babake, hapo tumeachana. Aliyenifunga mdomo ni John Bowlby, daktari Mwingereza wa akili za watoto. Mwaka 1944 alichapisha habari za watoto 44 wezi waliopita kliniki moja hapa London. 14 kati yao aliwaona hawana mapenzi na mtu wala haya, na katika hao 14, 12 walikuwa wametenganishwa na mama zao muda mrefu wakiwa wadogo. Alikosolewa na ni haki, watoto wenyewe wachache halafu yeye ndiye mwenye kuhoji na yeye ndiye mwenye kuamua. Winnicott naye, daktari mwengine wa watoto wa huku, mwaka 1956 akasema mtoto anayeiba bado ana tumaini, anatafuta kitu alichokuwa nacho kikampotea.

Hapo nikamkumbuka kijana mmoja wa mtaani. Mamake alikwenda Saudia kazi za nyumba, yeye ana miaka 3. Pesa zilikuwa zaja, nyumba ikapigwa plasta, mtoto akawa kwa nyanyake, nyanya akafa, akapelekwa kwa mamake mdogo, kisha kwa mjomba Likoni. Wizi wake wa kwanza ulikuwa mkobani mwa mamake mdogo, si kwa mtu baki. Panga lilikuja baadaye sana. Sisi tulikuwa twasema mama anamtumia kila kitu, amekosa nini huyu?

Lakini na hawa wa huku nina neno nao. Nadharia yao ni ya mama mmoja na mtoto mmoja ndani ya nyumba moja, kwetu mtoto ni wa nyanya, wa shangazi, wa jirani, na wengi wenye mama Saudia wamenyooka kwa sababu kuna mtu alibaki nao. Mimi nauliza nani alibaki. Na baba je, mbona hakuna anayeuliza alikuwa wapi?

Kwa sheria sisi ni wapole kuwashinda, tangu 2022 Kenya mtoto chini ya miaka 12 hashtakiwi, Uingereza ni 10. Ila huku kuna kliniki ya Portman, tangu miaka ya 1930 yatibu wahalifu kwa mazungumzo, na sasa iko chini ya NHS, yaani matibabu ya serikali, mtu halipi. Yule kijana wetu alikuwa na njia mbili, polisi ama kwa mtu wa kumsomea dua.

Naandika haya kwa sababu mwanangu yuko Kisauni kwa mamangu, nilimwacha ana miaka 2 sasa ana 8. Wiki jana mamangu kanipigia, mtoto anachukua vitu vya wenzake madrasa, kofia, penseli, na ameificha leso yangu ya zamani chini ya godoro. Mamangu alishashika fimbo. Nimemwambia mama tafadhali usimchape, leso mwachie, na usiku alale na wewe. Tiketi ya Disemba nimeshakata.