Bibie wa Mfukoni

Aliyeniponza ni herufi P.

Mimi ni mtu wa mapokezi kwenye nyumba ya wageni hapa Tanga. Wateja wetu wengi ni wafanyabiashara na madereva wa malori, Kiingereza hatukihitaji, ila mara mojamoja hutuangukia Mzungu anayekwenda Pangani au mapango ya Amboni. Akaja mmoja, mama mtu mzima, akalala, akala, asubuhi akalipa. Nikataka kumuuliza kama anahitaji risiti. Nikajisemea, huyu mgeni bwana, usimpe neno la Kiswahili. Nikaikumbuka "receipt" ilivyoandikwa, nikaitamka yote, herufi kwa herufi, nisimwibie hata moja: "Madam, you want resipti?"

Mama wa watu akafikiri kidogo, akatabasamu, akanijibu kuwa hapana, asante, ingawa kweli mchuzi wa pweza ulikuwa mtamu. Alidhani namuuliza kama anataka kufundishwa kuupika.

Binti wa jikoni alicheka mpaka akakaa chini. Jioni ileile nikaenda Ngamiani kwa kijana mmoja anayetengeneza simu, nikamwambia nataka programu ya kunisomea Kiingereza kwa sauti. Akaniwekea. Unaandika neno, unagusa kialama cha spika, mwanamke anakutamkia. Neno langu la kwanza unalijua. Akasema: "Risiit." P hakuna! Ameimeza. Kumbe risiti yetu ya siku zote, ile ya dukani kwa Mpemba, ndiyo iliyokuwa karibu na sahihi, na mimi kujitia usomi ndiko kulikoniumbua.

Usiku ule sikulala. "Wednesday" akaisema "wenzde", ile D ya katikati imeshuka njiani. "Colonel" akaisema "kenal", na L mbili nilizoziona kwa macho yangu imebaki moja. Nikaona nafuu yetu sisi tunaosema kanali na tunaandika kanali. Halafu nikagundua unaweza kuchagua sauti ya Uingereza au ya Marekani. Nikajaribu "schedule". Wa Uingereza akasema "shedyuli", wa Marekani akasema "skejuli". Wenyewe kwa wenyewe hawajapatana, mimi wa Chumbageni nimfuate nani?

Ningeishia hapo ningekuwa salama. Lakini nilirudi kwa kijana kumsifia, naye akaniambia, "Mjomba, ya nini kuandika neno mojamoja? Simu yenyewe inayo sauti inayosoma kila kitu kwenye kioo. Wamewawekea wasioona. Ngoja nikuwashie." Akaniwashia, akapata mteja mwingine, nikaondoka.

Ndugu yangu, kuanzia hapo simu haikuwa yangu. Ukigusa kitu mara moja, haifungui, inakisoma. Ukitaka kifunguke, gusa mara mbili harakaharaka. Ukitaka kuteremsha ukurasa, vidole viwili. Na kwa kuwa sauti ilikuwa ya Kiingereza, Kiswahili nacho kilisomwa Kizungu. Mpwa wangu akiniandikia "Shikamoo mjomba", bibie anatangaza "Shaikamuu emjomba." Kuizima nikashindwa, maana kila nikikaribia pa kuzimia, ananisomea pale nilipogusa, nachanganyikiwa, natoka. Siku ya pili mke wangu alikuwa ameshazoea, anauliza, "Bibie leo anasemaje?"

Siku ya tatu ilikuwa Jumamosi, na mimi nilikuwa mshenga.

Tulikwenda Muheza kwa ajili ya huyohuyo mpwa wangu. Barua ya posa ilikuwa imeshajibiwa, wenzetu wametaja milioni tatu, sisi tumekwenda kuzungumza. Kanzu yangu imepigwa pasi, koti juu, kofia ya kiua. Mlangoni nikakumbuka adabu, nikaizima simu mlio. Sikujua kwamba sauti ya bibie ina kipimo chake peke yake. Simu ukiifanya bubu, yeye hayumo.

Tukakaribishwa mkekani, kahawa, tende, visheti. Upande wao alikuwapo baba mkubwa wa binti, mzee aliyewahi kuwa karani kwenye mashamba ya mkonge, na pembeni bibi yao, ameinama kidogo, tasbihi mkononi. Nikaanza kazi yangu. Nikalia hali. Nikasema mvua, nikasema bei ya mafuta, nikasema kijana yatima wa baba. Nikafikia mahali pazuri kabisa, sauti imeshuka, karibu machozi: "Wazee wangu, tulichonacho mkononi ni laki tano, na hiyo tumeichanga."

Kimya. Mzee akapuliza kahawa yake.

Ndani ya kimya kile dada yangu, mama yake bwana harusi, akiwa Tanga anahangaika roho, akaandika kwenye kundi la familia: "Mshenga usilegee. Anza 500,000. Mwisho wetu 2,000,000 wasijue."

Kifua changu kikasema: "Emshenga yuzilijii. Anza five hundred thousand. Mwishou wetyu two million wasijyui."

Kiswahili chote alikivuruga, asingeambulia mtu neno. Lakini zile tarakimu! Alizitamka kama anasoma taarifa ya habari, hakumeza hata herufi.

Nikaitoa simu niizime. Kila nikigusa ananisomea nilipogusa, ananielekeza nigonge mara mbili, nagonga, anaanza ujumbe upya. Two million ilisemwa mara tatu mle ndani. Mpwa wangu alikuwa anauangalia mkeka kama anahesabu ukindu.

Bibi akainua uso. "Huyo mwanamke ni wa upande wenu?"

"Ni simu, bibi."

"Mbona hamkumkaribisha ndani?"

Mzee akaweka kikombe chini. "Bwana mshenga," akasema taratibu, "mwenzako Kiingereza chake kimenyooka. Basi iwe hiyo aliyoitaja yeye. Kilemba cha baba na mkaja wa mama viko nje ya hapo."

Ningebisha na nini? Tukahesabu zilizokuwapo, zilizobaki tukapeana tarehe. Mzee akachomoa daftari la shule, akaniuliza kama aniandikie. Nikamjibu, "Niandikie risiti, mzee," na hilo angalau nililitamka sawasawa.

Ikapigwa Fatiha. Viganja vyote juu, macho yamefumbwa, mzee akaomba kwa muda mrefu, akawaombea vijana heri na kizazi. Alipovuta pumzi, kifuani kwangu bibie akasema kwa upole, "Battery low."

Bibi akaitikia, "Amin."