Kiwanja cha ndege cha Tanga: lami ndefu au safari nyingi?

Kutoka katikati ya mji wa Tanga hadi kiwanja cha ndege ni kilomita tatu hivi kuelekea magharibi. Bodaboda inakufikisha kabla jasho halijakauka. Hata hivyo, kwa watu wengi wa mitaa ya Ngamiani au Makorora kiwanja hiki ni kitu cha kupita ukiwa safarini, si cha kuingia. Wakienda Dar wanakwenda stendi ya mabasi ya Kange. Mjadala wa kukipanua, ambao hauishi hapa mjini, ningependa tuuanzie kwa watu hao.

Wanaotaka upanuzi wana hoja nzito. Njia ya kurukia ndege haifiki mita 1,300. Bombadia Q400 ya Air Tanzania yenye viti 76 ikibeba uzito wake wote huhitaji mita 1,400 hivi ili iruke, kwa hiyo Tanga imebaki kuwa mji wa ndege ndogo kama Caravan, zenye viti kumi na kidogo, zinazokwenda Dar es Salaam, Unguja na Pemba. Wakati huohuo, bandari imechimbwa kina kutoka mita 3 hadi 13 katika mradi uliogharimu zaidi ya shilingi bilioni 429, na bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443, linaishia Chongoleani, hapa Tanga. Wataalamu, mawakala wa meli na wafanyabiashara wanataka kufika asubuhi, wamalize kazi na kurudi jioni. Huo msemo wetu wa "waja leo waondoka leo" kwao ni ratiba ya kazi. Songea kiliboreshwa, Bombadia zikatua. Mtwara kina njia ya mita 2,800. Kwa nini Tanga, mji mkongwe kuliko miji hiyo kwa mambo ya safari, usubiri?

Ukongwe huo si wa kujisifia tu. Katika miaka ya 1930 ndege za Wilson Airways ya Nairobi zilifuata mwambao: Mombasa, Tanga, Unguja, Dar es Salaam. Shirika la ndege la Afrika Mashariki, lililoanza 1946, nalo likaushika mwambao huo. Ndege za wakati ule zilikuwa ndogo, zilitua kila mji mkubwa, na Tanga ilikuwa na sababu ya kutuliwa: mkonge. Katikati ya miaka ya 1960 nchi ilizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, na Tanga ndiyo iliyokuwa moyo wa biashara hiyo. Kisha kamba za plastiki zikauvunja mkonge sokoni, na mwaka 1977 shirika hilo la ndege likafa pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati ule. Ndege nazo zikakua, zikawa zinaruka mbali bila kuhitaji kupumzika njiani. Ninavyoona mimi, hapo ndipo Tanga ilipopoteza nafasi yake angani. Lami haikupungua hata mita moja. Kilichopungua ni sababu ya kutua.

Ndiyo maana upande wa pili nao siwezi kuupuuza. Caravan ikiondoka na abiria tisa, safari inaweza kujilipa. Bombadia ikiondoka na abiria thelathini, viti arobaini na sita vitupu vinakula fedha hewani, na shirika litapunguza safari hadi mbili kwa wiki, saa ambazo hazimfai mtu yeyote. Kuna pia gharama ambazo hazionekani kwenye picha za uzinduzi. Kiwango cha zimamoto kiwanjani hupangwa kwa kufuata urefu wa ndege inayotua na upana wa kiwiliwili chake. Ikija ndege kubwa, yanatakiwa magari zaidi, maji zaidi na watu waliofunzwa walio zamu. Kurefusha njia kunataka ardhi, na ardhi ya pembeni mwa mji ina nyumba, mashamba na watu wa kulipwa fidia.

Na barabara haijalala. Kupitia Chalinze na Segera ni kilomita 350 hivi hadi Dar, saa tano au sita za basi. Njia ya pwani inayojengwa kupitia Pangani na Saadani hadi Bagamoyo itaufupisha mwendo. Ndege ikienda moja kwa moja haifiki saa moja, lakini hesabu pia muda wa kuripoti kiwanjani, na ukishatua Dar, foleni ya kuingia mjini. Kwa abiria wa kawaida, tofauti ya nauli haitafidiwa na saa mbili tatu anazookoa.

Kwa hiyo nakubali kiwanja kipanuliwe, ila nina shaka na mpangilio wanaoupigania wengi, wa kuanza na ndege kubwa ya Dar. Ningeanza na ardhi: ipimwe, fidia ilipwe sasa kabla nyumba hazijaongezeka, maana hilo likichelewa hakuna bajeti itakayolimudu. Lami ifuate pale abiria wa ndege ndogo watakapokuwa wanaachwa kwa kukosa viti.

Na njia ya kukuza abiria hao, kwangu, ni Pemba. Huko hakuna barabara itakayoshindana na ndege. Ni kama kilomita 80 za maji, na familia za Tanga na za Pemba zimeoana na kuzikana vizazi na vizazi. Kusi likivuma, mkondo wa Pemba huwa mbaya. Mwenye boti husita, mwenye msiba hasubiri. Ndege huuvuka mkondo huo kwa nusu saa au pungufu. Kama kuna ruzuku au punguzo la tozo la kutolewa kiwanjani hapa, liende kwanza kwenye kiti cha huyo mama wa Chake Chake anayekuja kumuuguza mwanawe katika hospitali ya Bombo.