Fundi huhama kwa sababu ya malipo, si kwa sababu ya mafunzo
Mwandishi wa makala hii kuhusu mafunzo kazini anadai kwamba wenye biashara ndogo hawawaendelezi wafanyakazi wao kwa kuhofia kuwa wakishaiva watahama. Kwa niliyoyaona katika karakana yangu ya useremala, hofu hiyo ipo, lakini anayehama mara nyingi ni yule ambaye tayari anapima, anaranda na kuunga fremu ya mlango peke yake huku akiendelea kulipwa posho ya mwanagenzi. Isitoshe, makala haikugusa kabisa utaratibu wa VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi Tanzania, wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, ambao humpima fundi kwa vitendo na kumpatia cheti pasipo kumlazimu kukaa darasani miaka, maana karakana ya watu watatu haiwezi kumudu kumkosa fundi muda mrefu hivyo. Je, yupo mwajiri hapa aliyempeleka fundi wake kupimwa huko, na aliporudi na cheti alimwongezea mshahara?