Kuvu ikishiba naitrojeni, lignini hubaki

Makala moja kuhusu uozo wa miti inasema kuvu ikirutubishwa zaidi huozesha gogo haraka zaidi. Kwa lignini, ile sehemu ngumu inayoupa mti uimara, si hivyo kila mara! Phanerochaete chrysosporium, kuvu ya uozo mweupe (unaovunja lignini na kuacha mti ukiwa mweupe) iliyochunguzwa sana, huanza kutoa vimeng'enya vya kuvunja lignini pale naitrojeni inapokaribia kwisha. Ukiiongezea naitrojeni, uzalishaji wa vimeng'enya hivyo hushuka. Na gogo lenyewe, tukumbuke, lina naitrojeni kidogo mno. Oksijeni nayo ni muhimu: watafiti wengi huipulizia kuvu hiyo oksijeni tupu maabara, kwani katika hewa ya kawaida, yenye asilimia 21 tu, vimeng'enya hutoka hafifu. Ila hili la naitrojeni lisiwe kanuni ya kuvu zote, maana baadhi ya Bjerkandera, kuvu nyingine za uozo mweupe, huvitoa hata naitrojeni ikiwa tele.