Mchana wao ndio usiku wao

Wiki iliyopita nilimchukua mtoto wa mjomba wangu, aliyekuja kutoka Unguja, kwenda kuwaangalia popo wetu wa Pemba, nikarudi nyumbani na hasira ambayo mpaka leo haijapoa. Ilikuwa saa saba za mchana. Mamia ya popo walikuwa wananing'inia mivuleni, wamejifunika mbawa zao nyeusi, na mara moja moja mmoja wao akijipepea polepole kwa bawa moja, manyoya yake mekundu ya kutu yakaonekana. Aliyekuwa akitutembeza akapiga makofi kwa nguvu ili mgeni apate picha. Mti mzima ukaruka kwa kelele, na jike mmoja, mwanawe amemng'ang'ania kifuani, akazunguka mara tatu juani kabla ya kupata tawi.

Nilipolalamika nikajibiwa: "Hawa kazi yao kulala tu, sheikh wangu. Watalala tena."

Hapo ndipo nisipokubali. Popo huyu, ambaye hapatikani popote duniani ila Pemba, usiku kucha yumo kazini. Hutoka magharibi kufuata maembe na matunda ya msituni, na mbegu anazoziangusha huota miti ambayo hakuna mtu aliyeipanda. Mwili wake umeumbwa apumzike akiwa ananing'inia: uzito wake huvuta kano za miguu, vidole vikajifunga kwenye tawi bila msuli kufanya kazi. Kuning'inia hakumchoshi. Kinachomchosha ni kurushwa juani, akatumia nguvu alizojiwekea kwa ajili ya usiku.

Tena mwili hauamui peke yake mnyama apumzike kiasi gani. Ndovu wawili waliofuatiliwa katika hifadhi ya Chobe, Botswana, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, walilala wastani wa saa 2 tu kwa siku, na kuna wakati walikaa hadi saa 46 bila usingizi, pengine kwa kuwakimbia simba au majangili, ilhali ndovu wanaofugwa hulala saa 4 hadi 6. Mnyama ni yule yule. Kilichobadilika ni njaa, khofu na utulivu wa mahali. Pomboo wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, wanaolaza upande mmoja wa ubongo huku wa pili ukikesha, nao hawapumziki sawasawa boti zinapowaandama.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba wageni wana faida. Mwishoni mwa miaka ya 1980 popo hawa walikuwa karibu kumalizwa kwa kuwindwa kwa ajili ya kitoweo, na vijiji vilivyoamua kuwalinda vinastahiki riziki yao. Lakini popo aliyelala anapigika picha, na anayetaka kumwona akiruka asubiri magharibi.

"Watalala tena." Niliangalia saa: ilipita karibu nusu saa kabla ya mti kutulia, na wakati huo kundi la pili la wageni lilikuwa linashuka garini.