Sabufa ya Pili Si ya Kuongeza Kishindo

Jumamosi iliyopita shemeji yangu aliniita nikasikilize sabufa yake ya pili, yaani spika ya sauti nzito za besi, na hasira niliyorudi nayo bado haijapoa. Fundi aliyemfungia alizipanga zote mbili chini ya televisheni, zimebanana kama maharusi jukwaani, akapandisha besi hadi vikombe vikatetemeka kabatini, kisha akapokea fedha zake na kuondoka. Mimi niliyeketi kwenye kochi la katikati sikusikia besi ya maana, ilhali mama yangu, aliyekaa karibu na ukuta wa nyuma, alishika kifua.

Hakuna uchawi hapo. Sebule ile ina urefu wa mita 5, na kwa kuwa sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, nusu ya wimbi la hezi 34, yaani mitetemo 34 kwa sekunde, huenea kamili kutoka ukuta hadi ukuta, likavimba kwenye kuta na kufifia katikati. Sabufa mbili zilizowekwa pamoja hulichochea wimbi lilelile kwa nguvu zaidi. Penye kishindo panazidi kishindo, na penye ukimya panabaki palivyo. Wala usiniambie habari ya ikwalaiza, kile kirekebishi cha kupandisha na kushusha sauti fulani, kwa sababu shimo la namna hiyo humeza kila unachokimimina. Ukiipeleka moja katikati ya ukuta wa mbele na nyingine katikati ya ukuta wa nyuma, zinalisukuma wimbi hilo kwa pande zinazopingana, nalo linakosa nguvu ya kusimama. Todd Welti wa Harman, kampuni ya vifaa vya sauti, alilionyesha jambo hili mwaka 2002: mbili zilizotazamana hupunguza sana tofauti kati ya kiti na kiti, nne hufanya vizuri zaidi, na kupita hapo faida ni ndogo mno.

Nakiri, shingo upande, kwamba anayesikiliza peke yake kwenye kiti kimoja anaweza kutosheka na sabufa moja iliyotafutiwa mahali pake. Nakiri pia kwamba waya unaokatiza mlangoni ni kero, na dada yangu alinieleza hivyo bila kumung'unya maneno.

Kuhusu spika kubwa, kwanza zipatanishe sabufa zenyewe, ndipo uziunganishe na spika hizo kwenye hezi 80 hivi, chini ya hapo zipige sabufa, juu yake zipige spika. Piga mlio wa masafa hayo, ugeuze swichi ya fezi, ile inayogeuza mwelekeo wa msukumo wa sabufa, na uiache pale ambapo mlio unasikika kwa nguvu zaidi kwenye kiti chako.

Tuliihamishia ya pili nyuma ya kochi, katikati ya ukuta wa nyuma, tukazishusha sauti zote mbili. Besi ikatulia, ikawa karibu sawa kwangu na kwa mama. Shemeji alisikiliza wimbo mzima akiwa kimya, kisha akaniuliza kama ile ya nyuma imeungua, maana haisikiki ikipiga.